Kwenye Chuma Hakuna Utani

Kuchuchumaa na chuma mabegani si kazi. Mtu yeyote aliyelima kwenye miteremko ya Upare amechuchumaa na kusimama maisha yake yote. Kazi ni kukifikisha chuma mabegani, na kazi kubwa kuliko hiyo ni kukitua. Siku hizi vijana wa Same wana milingoti ya chuma yenye ndoano. Mzigo unakaa pale unawasubiri, wanaingia chini yake na kunyanyuka nao kama mtu anayevaa koti. Wakisikia kwamba sisi tuliucheza mchezo huo zamani za Mwingereza bila milingoti yoyote, wananiuliza tuliwezaje. Nawaambia tulikuwa na ukuta wa mawe, na tulikuwa na mtu wa kusimama nyuma. Ukuta nausifu mpaka leo.

Aliyetufundisha ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alirudi kutoka vita vya Mjapani kule Bama akiwa na makoti ya jeshi, kikohozi, na maarifa aliyoyapata kambini India, ambako kila jioni aliwatazama askari wa Kihindi wakishindana kuchuchumaa na chuma. Wenzake waliorudi walisimulia mabomu. Yeye alisimulia mapaja. "Nguvu ya mwanamume haiko mkononi," alituambia. "Mkono ni wa kuombea chumvi. Nguvu iko hapa." Kisha anajipiga kofi la paja mpaka kuku wanakimbia. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanamume mwingine yeyote, maana baba yangu sikumkumbuka hata sura.

Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ndugu zake wakagawana shamba na ng'ombe, wakamwachia mama chungu na mimi. Mama akarudi mlimani kwa kaka yake, juu kule Upare ya kusini, na mjomba akampa kipande chini ya boma lake, mahali pa kujenga kibanda na kupanda migomba michache. Alikitoa kwa moyo mweupe, hakuwahi kukitaja. Wengine ndio waliokitaja. Mke wa mjomba akikosana na mama kwa jambo dogo, jembe au moto wa kuazima, alisema, "Wenye kwao hawana kelele." Mama alinyamaza. Mimi nilikua nikimwona akinyamaza, na nikawa na hamu moja tu maishani, kumpatia mama mlango ambao hakuna mtu wa kumwambia aufunge taratibu.

Mjomba alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu. Tulikua pamoja, tukaibiwa ndizi na nyani pamoja, tukachapwa pamoja. Na kwa kuwa yeye ni mtoto wa mjomba na mimi ni mtoto wa shangazi, tulikuwa watani. Asiyejua utani wa mabinamu asidhani ni mzaha wa kawaida. Mtani wako anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na kuivaa mpaka ichakae. Anaweza kulia kwa uongo kwenye msiba wako na kudai umemdhulumu mbuzi. Dawa yake ni moja, umjibu kwa tusi kubwa zaidi, watu wacheke. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Binamu yangu alikuwa fundi wa matusi, na mimi sikuwa nyuma. Tulikuwa tukiamkiana kwa kutukanana, na siku tusipotukanana mama aliuliza kama tumegombana.

Tulipopata umri tulishuka wote Same kufanya kazi ya reli. Tulikuwa vibarua kwenye gangi la kutunza njia, kazi ya kubadilisha mataruma yanayobeba reli, kujazia kokoto, kukata majani yanayotambaa kwenye reli. Jua la Same mtu wa mlimani halizoei. Wiki nzima tunalala kwenye vibanda vya mabati vilivyotuoka, na Jumamosi mchana tunapanda mlima kurudi kwenye baridi yetu.

Ndipo mnyapara wetu akazeeka. Kazi ya mnyapara ilikuwa na nyumba, nyumba ya mawe ya vyumba viwili, paa la bati, karibu na tangi la maji la stesheni. Nilikuwa nikipita mbele yake kila asubuhi na kuchagua mama ataweka wapi mafiga yake. Mzungu aliyekuwa akikagua njia kwa toroli alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua wanyapara, ambao sikupata kuusikia mahali pengine. Alisema hataki mtu wa kupigia wenzake kelele juu ya mzigo asioweza kuubeba mwenyewe. Kwa hiyo waombaji watachuchumaa mbele ya gangi zima, kila mmoja awekewe taruma la chuma mabegani, asimame nalo, achuchumae tena, aongezewe jingine. Yale mataruma yalikuwa ya chuma, ya tangu Mjerumani, na moja peke yake lilitosha kumkumbusha mtu dhambi zake. Atakayebaki amesimama ndiye mnyapara. Mzungu angerudi baada ya kiangazi.

Mimi nilitaka. Binamu naye alitaka. Hatukufichana. Tulipeana mkono kwamba atakayeshindwa atakwenda kunywa chai kwa mwenzake na kumtukana ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nyuma ya stesheni palikuwa na toroli bovu lililotupwa, mbao zake zimeliwa na mchwa, lakini ekseli moja ilikuwa nzima, na magurudumu yake mawili ya chuma kwenye ncha. Nilimwomba mnyapara mzee. Akasema kama tunataka kubeba takataka za Mwingereza, tubebe. Tuliifunga kwa kamba za katani kwenye mti mrefu, binamu mbele, mimi nyuma, tukaipandisha mlimani. Njiani watu wanasimama na kuuliza tunamzika nani. "Mtani," binamu ananiambia bila kugeuka, "ningejua una mabega ya bibi harusi ningemkodi punda." Nikamjibu kwamba punda nimeshampata, namwona mkia wake. Tulicheka mpaka tukatua mzigo. Nakumbuka furaha ile, na inanikera kwamba siwezi kuifuta.

Mjomba alipoiona ekseli macho yalimlowa. Aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akasema huko India walikuwa wanaita chuma kama hiki mwalimu.

Sasa kukifikisha mabegani. Siku ya kwanza binamu alikiokota kutoka chini, akakisukuma juu ya kichwa, akataka kukishusha nyuma ya shingo. Kilishuka na ngozi. Mama alipiga yowe, na mke wa mjomba akasema kama tunataka kufa tukafie Same. Mjomba alikaa akitazama shamba lake, na mimi nikadhani amekata tamaa.

Shamba la mjomba, kama mashamba yote ya kwetu, lilikatwa ngazi ngazi kando ya mlima, na kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe uliopangwa bila udongo. Mababu waliupanga ili mvua isitushushie shamba Same. Mjomba alitafuta mahali ambapo ukuta ulimfika mtu kifuani. Akatoa mawe ya katikati, pakawa na pengo la kuingiza mwili wa mtu. Chuma kikawekwa juu, kwenye ngazi ya juu, gurudumu moja kila upande wa pengo, ukingoni kabisa, na mbele ya kila gurudumu jiwe dogo la kulizuia lisibingirike. Wewe unasimama ngazi ya chini, unarudi kinyumenyume mpaka unaingia kwenye pengo, unakunja magoti, unapitisha mabega chini ya ekseli, unasimama. Mzigo uko juu yako na hukuuokota popote. Hatua fupi mbele, basi uko wazi. Ukimaliza unarudi kinyumenyume, na hapo ndipo unapomhitaji mtu, maana huna macho kisogoni. Yeye anakuambia rudi, rudi, kushoto kidogo, kaa.

Kwa ajili ya kushindwa alituwekea magogo ya migomba. Yalilazwa kila upande na kupandishwa mpaka juu kidogo ya goti, ili miguu ikikufa ukiwa chini, magurudumu yaangukie kwenye migomba kabla hayajakukalia wewe. Gogo la mgomba ni laini, linapokea mzigo bila ugomvi, ila linaoza upesi na inabidi kukata mapya. Na kama hakuna magogo, alitufundisha kukitupa. "Achia mikono, kifua mbele, ruka kama chura. Kiangukie nyuma yako. Atakayeinama nacho kitamvunja mgongo." Tulirudia kuruka kama vyura, na chuma hakipo, mpaka wanawake wanaotoka kuteka maji wakatuzoea.

Lakini kuliko yote alisisitiza mtu wa nyuma. Aliye chini ya chuma anasema, "Nashuka." Wa nyuma anajibu, "Nipo." Asipojibu, hushuki. Ukikwama unasema, "Shika," naye anakupitishia mikono chini ya kwapa na mnasimama wote wawili. Siku ile ya kwanza ya ukuta mjomba alitusimamisha mbele ya pengo, akiwa amevaa koti lake la jeshi ingawa palikuwa na jua, akatuambia maneno ambayo nayaweza kuyasema usingizini:

"Mkifika hapa ninyi si mabinamu. Ni askari. Kwenye chuma hakuna utani. Atakayemtania mwenzake akiwa chini ya mzigo nitampeleka kwa wazee mimi mwenyewe, hata akiwa niliyemzaa mimi."

Tukaitikia, mimi, "Ndiyo, mjomba," na binamu, "Ndiyo, baba."

Tukaanza. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa ukutani. Tulipouzoea uzito tulifunga magunia ya mchanga kwenye ncha, madogo kwanza. Mwanzoni binamu alinishinda, alikuwa mfupi na mnene wa mapaja. Halafu mwili wangu ukafunguka. Nilikuja kusimama na magunia ambayo yeye yalimkalisha. Mjomba alifurahi, lakini baadaye, nikifikiri vizuri, furaha yake ilipungua sauti. Alianza kumwambia mwanawe, "Karibu, karibu, bado kidogo," na mimi kuniambia, "Haya." Nilidhani anatia moyo aliye nyuma, kama mwalimu yeyote.

Watu walimwonya mama. Walisema mwanao ana wazimu, anampa mshindani wake kazi ya kumshikia mzigo. Mama akanifikishia, akasokota midomo, akasema, "Mchawi mpe mwana akulelee." Alimaanisha kwamba mtu ukimkabidhi roho yako mchana kweupe ataona haya kuidhuru. Hata mimi niliamini hivyo. Na kusema kweli sikuamini tu kwa ajili ya methali. Niliamini kwa sababu alikuwa ndugu yangu.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Majani ya malisho yaliisha, watu wakawa wanakata migomba na kuwalisha ng'ombe magogo yake yenye maji. Siku moja nikakuta magogo yetu ya ukutani nayo yamekwenda zizini. Binamu akasema atakata mengine. Jumapili iliyofuata hayakuwapo, na ndiyo iliyokuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Mzungu kurudi. Mjomba hakuwapo pia. Alikuwa amekwenda Ugweno kumzika askari mwenzake.

"Magogo?" nikauliza.

"Magogo ya nini na mimi nipo?"

Nikafunga magunia. Nilitaka siku ile niende mpaka mwisho wa nguvu zangu, nijue mwisho uko wapi, ili mbele ya gangi nisikutane nao kwa mara ya kwanza. Mtu haendi mwisho wa nguvu zake kama hana mtu nyuma. Niliingia kwenye pengo, nikasimama na chuma, nikapiga hatua fupi zangu. Nilichuchumaa na kusimama, nikarudia, nikarudia. Kila mara nasema nashuka, kila mara sauti nyuma yangu inasema nipo. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikajua nina moja tu iliyobaki, au nusu.

"Nashuka."

"Nipo."

Nikashuka. Nilipotaka kupanda, nilifika mahali mapaja yaliposema basi.

"Shika," nikasema.

Hakuna mkono.

"Shika, ndugu yangu."

Sauti ikanijia kutoka juu, kule ngazi ya juu, mahali ambapo mtu wa kunishika hakuwa na kazi. Sikuweza kugeuka, lakini nilisikia anatafuna muwa. "Kaa hapo hapo, mtani," akasema, "uote mizizi, tupate mti wa kivuli."

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mmasai wa huku tambarare asingelifanya, wala Mhindi wa dukani, wala Mzungu mwenyewe. Wao wangepiga kelele za kuomba msaada. Mimi ni mtoto wa shangazi. Tangu nimeanza kuota meno, binamu yangu akitupa neno mdomo wangu unalirudisha kabla kichwa hakijauliza. Nikiwa nimebanwa na chuma, nikamjibu, "Shuka unishike, pua kama kibuyu."

Akacheka. Hakushuka.

Nikaachia mikono, nikatoa kifua mbele, nikaruka. Mgongo ulipona. Mguu wa kushoto ulichelewa; gurudumu liliuwahi, likaubana kwenye jiwe, na goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Ndipo akashuka. Uso ulikuwa umembadilika, hilo nitalisema kwa haki, na alinibeba mgongoni mpaka kwa mama. Njia nzima hakutania. Lakini hakusema pia kwamba amekosa. Nilisubiri neno hilo likiwa karibu na sikio langu kabisa, maana nilikuwa nimeegemea shingo yake, na halikuja.

Mzungu alikuja nikiwa nimelala, goti limefungwa majani na kuvimba. Gangi likakusanyika. Binamu alibaki amesimama na mataruma yake, na jioni moja wiki ile ile akahamishia godoro kwenye nyumba ya mawe. Alinitumia salamu kwamba chai ipo, niende nikamtukane. Nililia kwa hasira. Mama alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua, akaniambia, "Sisi tuna pa kulala." Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo, kwa sababu alilisema kama mtu aliyekuwa ameshajua tangu zamani kwamba nyumba ile si yake.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi. Ni kweli, na mimi naipenda kuliko wengi. Nilipoweza kusimama na fimbo nikapeleka shauri kwa wazee wa ukoo. Sikutaka mbuzi wala fidia. Nilitaka wamwamuru aiache ile nafasi, tukashindane upya goti likipona. Neno la wazee lilikuwa zito siku zile. Mtu hakuweza kulikataa akabaki na wa kumzika.

Walisikiliza shauri siku ya msaragambo, wanaume wote walipoitwa kuzoa tope la ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Kazi ilipokwisha tuliketi kwenye ukingo, miguu ina matope, wanawake upande wa pili wakiosha makarai. Binamu alikiri kila kitu bila kusukumwa. Ndiyo, alisema nipo. Ndiyo, akapanda ngazi ya juu. Ulikuwa utani, alisema, utani uliozidi chumvi.

Mzee aliyekuwa akiongoza akanigeukia. "Alipokutania, ulimjibu?"

Nikajua anakokwenda. Kila mtu pale alijua. Ukimjibu mtani, umepokea utani wake. Kesi haina miguu tena.

"Nilimjibu."

"Ulimwambia nini?"

Nikachimba tope kwa fimbo. Akauliza tena. Nikasema, "Pua kama kibuyu."

Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kwa sababu ni kweli, binamu ana pua ya namna hiyo, na wote walimgeukia kuitazama. Hata waliokuwa upande wangu walicheka. Nilisimama pale na fimbo yangu nikisikia mguu unaniuma na watu wananicheka, nikangoja wamalize, kwa sababu nilikuwa na neno lililobaki na nilijua linatosha.

Nikasema mahali pale palikatazwa utani. Kicheko kikakatika. Kwetu mwenye mahali anaweza kuuondoa utani mahali pake. Makaburini haupo, na mtu akiwa ndani ya ndiva anaziba mdomo wa maji hapana anayethubutu kumtania. Kama mjomba aliukataza utani ukutani kwake, basi jibu langu si kitu, na alichofanya binamu si utani tena. Mzee akauliza nani shahidi. Nikasema mwenye ukuta mwenyewe. Aliukataza kwa mdomo wake, tukaitikia wote wawili.

Mjomba akasimama. Alikuwa amekuja na koti la jeshi, amelikunja begani kwa sababu ya tope. Nikamtazama kwa utulivu kabisa. Nilikuwa nimeshashinda. Niliwaza hata namna nitakavyomsamehe binamu, maneno gani nitumie.

"Uliukataza utani pale kwenye chuma?" mzee akauliza.

Mjomba alikohoa. Akamtazama mwanawe, kisha akatazama maji.

"Sikumbuki kusema hivyo," akasema. "Niliwaambia wawe waangalifu, kama mzazi. La utani, hapana."

Binamu aliinamisha kichwa. Hata yeye hakutegemea, nilimwona. Wazee wakatoa hukumu pale pale: alete chungu cha dengelua, tunywe kutoka kibuyu kimoja, utani uendelee. Mtu mmoja akasema afadhali kibuyu kiwe na pua, wakacheka tena. Pombe ya miwa ilikuwa tamu siku ile, wanasema. Mimi niliinywa na sikuionja. Ng'ambo ya maji mama alikuwa ameacha kuosha, mikono yake imetulia ndani ya karai, hakunitazama mimi wala kaka yake.

Nikaondoka peke yangu. Njia ya kutoka ndiva hushuka kwa ngazi za mawe, na ngazi kwa mtu mwenye goti bovu ni adui. Nilikuwa bado juu niliposikia kikohozi nyuma yangu. Mjomba alinifikia, akanipitishia mkono chini ya kwapa, akanishika kama alivyotufundisha kumshika mtu aliyekwama. Sikumwamkia. Tulishuka ngazi chache.

"Ulikitupa nyuma?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mikono uliachia kwanza? Kifua mbele?"

"Ndiyo, mjomba."

"Vizuri. Ungeinama nacho leo tungekuwa tunakusimulia. Nilijua hilo hutalisahau."

"Na wewe lile lingine hukulisahau," nikasema.

Nilisikia pumzi yake, nzito, ya mtu mzee anayeshuka mlima na mzigo. "Mama yako atakaa pale mpaka anakufa," akasema. "Hakuna atakayemwambia neno. Mke wangu nitamfunga mdomo mimi. Nimeahidi."

Nilitaka kumtoa mama kwenye ardhi ya mjomba, na yeye ananilipa kwa ardhi hiyo hiyo, na ananishika kwapa huku akinilipa. Ningekuwa na baba ningekwenda kumshtaki kwa baba yangu. Baba niliyekuwa naye ni huyu.

"Nishike vizuri," akasema, "hapa pana utelezi."

Nikautoa mkono wake kwapani kwangu. Nikakaa chini kwenye jiwe, nikaweka fimbo mapajani, nikaanza kushuka kwa matako, ngazi moja baada ya nyingine, na mjomba akabaki amesimama juu yangu akinielekeza pa kuweka mguu.